Kofia Haikuwaka

Kofia ya Subilaga ilikuwa haijawahi kumwaibisha, na ndiyo maana ukoo mzima wa kina Mwaisabila uliiweka roho ya baba mkwe wake mikononi mwake asubuhi ile ya Jumanne. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila haraka na bila aibu.

Wawakilishi wa ukoo walikuwa wawili. Bibi Tusekile, mama mkwe, macho yake yalikuwa yamefungwa na utando mweupe mwaka wa tatu sasa, aliingia ofisini kwa Subilaga, mhakiki wa malipo, akipapasa ukuta. Nyuma yake alikuja mzee Gwakisa, mdogo wake baba mkwe, ambaye macho yake yalikuwa mazima na mdomo wake mzima zaidi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba mdogo," Subilaga alisema akipiga goti.

"Marahaba," Gwakisa aliitikia kwa niaba ya wote wawili, ndivyo alivyozoea. "Umeshatuma?"

"Bado, baba. Wamebadilisha akaunti."

"Nani kabadilisha?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

Mgonjwa alikuwa India, ini limeoza. Ambakisye, mume wa Subilaga, alikuwa naye huko, akisubiri kukatwa kipande cha ini lake apewe baba yake. Upasuaji ulipangwa alfajiri ya Jumatano. Fedha isipotua kabla ya saa kumi jioni, chumba kingepewa mgonjwa anayefuata, na waliokuwa wakifuata walikuwa wengi. Shamba la chai la bondeni lilikuwa limeshauzwa. Hapakuwa na shamba la pili.

Jana yake mchana ulikuwa umeingia ujumbe wenye muhuri wa hospitali: akaunti ya zamani imefungwa, tumeni kwenye hii mpya. Subilaga aliikagua kama alivyokagua maelfu mengine. Tarakimu zilitimia. Namba ya benki ilikuwa sahihi na benki yenyewe ilikuwepo. Lakini jina la mwenye akaunti halikuwa tena la hospitali. Lilikuwa la wakala wa makusanyo, tena wa nchi nyingine kabisa, na hapo ndipo alipoingiwa na shaka. Aliwapigia hospitali kwa namba iliyokuwa kwenye ankara ya kwanza, si ile iliyokuja na ujumbe, kwa sababu kumpigia mtu kwa namba aliyokupa mwenyewe ni sawa na kumuuliza mwizi kama kaiba. Mashine ikamwambia kwa sauti tamu kwamba atajibiwa ndani ya siku mbili. Ambakisye naye alikuwa ameshafungiwa katika chumba kisichoingiza vijidudu wala simu.

"Sasa kilichobaki ni nini?" Gwakisa aliuliza.

"Kimebaki kumtazama mwenyewe, baba. Mgonjwa aithibitishe akaunti kwa kinywa chake, na mimi nimtazame."

Bibi Tusekile akaacha kupapasa. Kila mtu mle ndani alijua neno hilo ni zito kuliko linavyosikika. Katika ukoo ule mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, hapiti naye njia moja. Miaka kumi na mmoja Subilaga aliishi kwenye ua ule, na kila mzee alipotaka kuuvuka alikohoa kwanza, mara mbili, ili mkwe apate muda wa kujifunika kanga na kugeukia ukuta. Mzee yule alikuwa na adabu ya kukohoa. Hata akiwa na homa hakuisahau.

Wengine walikuwa wameziacha mila hizo zamani. Kina Mwaisabila walizikaza zaidi, maana katika dunia ambayo uso wa mtu ulikuwa unaibwa kama kuku, waliona afadhali kuwe na nyuso ambazo hazitazamwi kabisa.

Na kweli nyuso ziliibwa. Vivuli vilianza kama mchezo wa vijana, vikaishia kuwa biashara. Mwizi alichukua picha chache na sauti kidogo, akamtengeneza mtu mzima anayeongea, anayecheka kicheko chake, anayemuuliza mama yake habari za mbuzi wake mmoja mmoja. Watu waliuza nyumba wakawatumia fedha watoto ambao hawakuwa watoto wao. Na fedha ikishavuka mpaka hairudi. Hiyo ilikuwa kanuni ya benki zote, na waliolia mbele ya benki walipewa maji ya kunywa wakaonyeshwa mlango.

Ndipo zikaja kofia. Macho hudanganyika, lakini ubongo, kule chini kabisa, humjua mtu wake: anavyosita kabla ya neno, kope zake zinavyochelewa. Kofia haikusikia sauti wala haikujali jina. Ilisoma kile ubongo unachofanya macho yanapomwangukia mtu unayemfahamu. Ulimtazama kwa mapigo kumi ya moyo, na taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya paji lako. Kama humfahamu, haiwaki. Kama ni kivuli, haiwaki. Ila kofia haikuazimwa. Ilihitaji siku arobaini kukizoea kichwa kimoja, na leseni juu yake, na katika ukoo wote aliyekuwa nayo ni Subilaga peke yake.

"Sasa hiyo itawakaje?" Gwakisa alisema. "Kaka hujawahi kumwona."

"Sheria ina kifungu cha mila, baba. Lazima nitazame kwanza. Isipowaka, mzee wa ukoo anaapa kwamba mila inanizuia, na mimi naapa kwamba sijawahi kumtazama mtu huyu. Baada ya hapo fedha inaruhusiwa."

"Basi tutaapa," alisema bibi Tusekile, akiutafuta mkono wa Subilaga mpaka akaupata. "Leo tumekufungulia, mwanangu, utazame. Haitawaka. Kama kuna mtu duniani hajamtazama mume wangu, ni huyu hapa. Nimemlea mwenyewe."

Subilaga alifunga mikanda ya kofia polepole, kwa sababu alikuwa amemtazama.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, mchana, watu wote wamekwenda msibani. Alimkuta kwenye migomba nyuma ya zizi, ameteleza, kichwa kimepiga jiwe, damu imemjaa machoni. Angefanya nini, ageukie ukuta? Alimwinua, akamlaza mapajani, akamwosha uso kwa maji ya kisima na pindo la kanga, paji, nyusi, mashavu, mpaka akaujua uso ule kama kiganja cha mkono wake. Mzee alifumbua macho. Alisita, kama anayetafuta neno lililomdondoka, kisha akasema, "Ndaga, mwanangu." Asante. Halafu akaugeuza uso wake kando, na hawakulizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo, kila mkungu ulipoiva, chane ya kwanza ilikutwa mlangoni mwa jiko la Subilaga, na hakuna aliyejua imeletwa na nani.

Angeweza kuyasema hayo pale pale, kofia ikiwa bado haijashika. Ila Gwakisa alikuwa amekaa mbele yake. Huyo Gwakisa alikuwa na mkwe wake mwenyewe, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye siku ya mafuriko alimshika mkono akamvusha daraja lililovunjika. Gwakisa alivuka salama, akakung'uta suruali, na wiki iliyofuata akamrudisha yule mwanamke kwao Busokelo na sanduku lake moja. Watoto watatu walibaki. Siku hizi mama yao huwaona sokoni, kwa mbali. Subilaga alikuwa na mabinti wawili, Bupe na Tumpe, na mdogo bado alilala akimshika sikio. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Hawakusema anayeuonyesha hufanywa nini.

Alipiga namba ya mzee, ileile ambayo ukoo uliipiga miaka yote. Iliita mara mbili. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuvuta kanga, ukisubiri kikohozi, lakini kikohozi hakikuja. Uso ukatokea tu.

"Mkwe," uso ulisema, "nisamehe, ugonjwa hauna adabu. Akaunti ni hiyo mpya, nimeiona kwa macho yangu. Tumeni mapema. Ambakisye msimsumbue, amepumzika."

"Kaka!" Gwakisa aliruka kitini. "Umekonda, kaka! Ndiye, jamani, ndiye huyu!"

"Sauti yake hiyo," alisema bibi Tusekile, na machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona.

Subilaga alitazama. Moja, mbili, tatu. Nyusi zilikuwa zilezile alizoziosha. Nne, tano. Maneno yalimtoka mzee mfululizo, laini, bila kusita popote. Sita, saba, nane. Alikuwa akiomba, kwa mara ya kwanza tangu apate leseni, taa iwake kwa ajili yake tu, imvue nguo mbele ya wakwe, bora iwake. Tisa. Kumi.

Haikuwaka.

"Haikuwaka!" Gwakisa alisema kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mlitaka iwake vipi?" Bibi Tusekile alipiga kigelegele kimoja kifupi, kikongwe. "Si niliwaambia? Miaka kumi na mmoja! Mwanamke wa namna hii mtampata wapi siku hizi?"

Simu ilikuwa imeshakatika. Subilaga alikaa na ile kofia ya giza kichwani akijua jambo ambalo hakuna mwingine mle ndani alilijua. Kwao giza lilimaanisha heshima. Kwake lilikuwa na maana moja tu: aliyekuwa akiongea nao si mzee Mwaisabila. Neno moja lingetosha. Fedha ingeenda kwenye akaunti ya zamani, na kesho alfajiri kisu kingefanya kazi yake.

"Baba mdogo," alianza. "Mimi naona tutume kwenye ile ya kwanza. Huyu... naona kama siye."

Gwakisa alimgeukia taratibu.

"Kama siye?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe umejuaje kama siye?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nasema ndiye. Mkewe anasema ndiye. Wewe unamjua kaka yangu uso, hata useme siye?"

Mkono wa bibi Tusekile ulikuwa bado juu ya mkono wake, mkavu, mwepesi, na wenye fahari.

"Hapana, baba," Subilaga alisema. "Simjui."

"Basi tuape."

Alipokuwa akiapa alijitafutia sababu, na mwenye kuzitafuta hazikosi. Ini likioza sura hubadilika. Mgonjwa husahau kukohoa. Dawa hulainisha ulimi. Kofia nazo ni vyombo vya watu, huharibika. Alizipanga sababu zake vizuri, akabonyeza, na fedha ya shamba la chai ikavuka mpaka saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi.

* * *

Alfajiri ya Jumatano walimtoa Ambakisye katika kile chumba, tumbo lake halijaguswa, wakamkabidhi nguo zake zikiwa zimekunjwa vizuri. Walimweleza kwa upole kwamba hospitali haijapokea kitu, kwamba akaunti yao haijawahi kubadilika, na kwamba simu ya baba yake ilikuwa haishiki mtandao tangu Jumapili kwa sababu namba iliibwa. Mgonjwa wa chumba cha jirani alikuwa ameshaingizwa kwa upasuaji.

Alihangaika siku nane. Mzee alifariki siku ya tisa, mchana, akiwa na akili zake.

* * *

Matangani Subilaga alikuwa malkia, na hakuna adhabu aliyowahi kuisikia iliyofanana na hiyo. Alipoinuka kuchota maji walimkalisha. Alipolia, wanawake waliambizana kwamba analia kama mtoto wa kuzaa. Kila mgeni aliyefika alisimuliwa habari ya kofia iliyokataa kuwaka, na bibi Tusekile ndiye aliyesimulia, kila mara akiongeza neno. Wezi walituibia mume na shamba, alisema, lakini heshima ya nyumba hii hawakuiweza. Ambakisye hakumlaumu. Alikuwa amerudi amekonda, na mara moja, walipokuwa peke yao, alimshika kichwa akamwambia, "Hukuwa na namna, mke wangu. Ungemjua vipi?" Subilaga alitamani mumewe ampige kofi.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, alifika mkaguzi wa Mfuko wa Fidia kutoka Dodoma, bwana mmoja mpole aitwaye Chilongani, amebeba mkoba. Alitoa pole, akakaa, akakataa chai.

"Wazee wangu," alisema, "aliyeibiwa kwa sababu ya kifungu cha mila hurudishiwa na Mfuko fedha yote. Nimekuja kwa kipimo kimoja tu. Mhakiki anavaa kofia yake, anatazama uso halisi wa marehemu. Isipowaka, ina maana kweli hakumfahamu, na ndani ya siku saba mtalipwa."

"Na ikiwaka?" Ambakisye aliuliza, kwa kuuliza tu.

"Ikiwaka, ina maana alimfahamu. Na kama alimfahamu, basi siku ile kofia ilipokataa yeye alijua kwamba anaongea na kivuli." Mkaguzi alifungua mkoba wake bila kumtazama mtu. "Hapo hakuna fidia, na shauri linakwenda kwingine. Akikataa kuvaa, tunahesabu imewaka."

"Avae!" alisema Gwakisa. "Avae hapa hapa, mbele ya watu. Nani anaogopa?"

"Uso halisi mtaupata wapi?" Subilaga aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo. "Amezikwa."

"Ninao," alisema Ambakisye. Alitoa simu yake, akampa mkaguzi. "Nilimrekodi mwenyewe, kwa mkono wangu, siku moja kabla sijafungiwa kwenye kile chumba. Vaa tu, mama Bupe. Ni dakika moja. Tupate shamba la wazee."

Wakamletea kofia. Bibi Tusekile aliomba akae karibu naye, wakamsogezea mkeka, akaushika mkono wa mkwewe kama alivyoushika ofisini. Wanawake walisimama milangoni na vijiko vyao. Mkaguzi aliiweka simu juu ya kigoda, akaibonyeza.

Kwanza ilionekana shuka na ukingo wa kitanda. Mzee alikuwa ameuliza jambo, na Ambakisye, pembeni, alikuwa akimwambia kwamba anarekodi ili wa nyumbani wamwone, hata wakamwana, wake wa wanawe. Basi mzee akakohoa. Mara mbili.

Kabla hajajua anafanya nini, Subilaga alikuwa ameshajifunika kanga.

"Mnaona?" mwanamke mmoja alinong'ona mlangoni. "Hata marehemu anamfunikia."

"Mama," mkaguzi alisema, "tafadhali, tazama."

Aliishusha kanga. Mzee Mwaisabila alikuwa amegeuza uso nusu, kama alivyofanya siku zote, manjano imemjaa machoni. "Usihangaike, mwanangu," alikuwa akimwambia Ambakisye. "Fedha itafika." Akasita, akitafuta neno lililomdondoka. "Kazi ameishika mkeo. Yule... yule hakosei."

Kofia haikungoja mapigo kumi. Kwenye pigo la nne taa iliwaka, kijani, safi, ikamulika mikono yake na kigoda na ule uso juu ya kigoda. Kijiko kilianguka mlangoni. Gwakisa aliisogeza miguu yake mbali na mkeka. Mkaguzi alitoa kalamu yake akaandika mstari mmoja.

Ambakisye alimtazama mkewe. Aliitazama taa, akamtazama tena, na Subilaga aliona hesabu ikipita machoni mwake polepole, kutoka kwenye taa hii hadi ile ya Jumanne ambayo haikuwaka, na kutoka hapo hadi kwenye kile kitanda.

"Alianguka," Subilaga alisema. "Kwenye migomba. Nilimwosha damu tu, baba Bupe. Damu tu."

Ambakisye aliitazama tena taa.

"Imekaa hivyohivyo, eh?" aliuliza bibi Tusekile, tabasamu likiwa bado usoni, akigeuza kichwa huku na huku. "Mbona mmenyamaza? Niambieni basi. Si haikuwaka?"

"Imewaka, mama," alisema Ambakisye.

Bibi hakuuachia mkono mara moja. Vidole vilianza kulegea kimoja kimoja, mpaka kiganja cha Subilaga kikabaki peke yake juu ya mkeka.

Mkaguzi alikuwa amesahau kuizima simu. Picha ilifika mwisho, ikarudi mwanzo yenyewe: shuka, ukingo wa kitanda, na mzee akakohoa mara mbili, akimpa mkwe wake muda wa kujifunika.

Safari hii Subilaga hakujifunika.